Saleen ya Njano

Damu ya fundi Bartolomayo ilikuwa imeruka mpaka kwenye silingi bodi. Inspekta Hilda Ndahani alisimama mlangoni, shingo kaiinua, akahesabu mistari yake kabla hajaingiza mguu ndani. Ilikuwa mitano. Nyundo ikishalowa ndiyo hurusha damu juu inapoinuliwa kupiga tena; pigo la kwanza halirushi kitu, kwa kuwa chuma bado kikavu. Mitano na lile la kwanza, sita. Daktari naye alikuwa ameandika sita, yote upande wa kushoto wa kichwa.

Ilikuwa Jumatano, saa mbili asubuhi, na mji mzima wa Kongwa ulikuwa umeshaamua nani muuaji.

Mambo yalikwenda hivi. Jumanne alfajiri Sidonia, mke wa fundi, alitoka kwenda shambani kuvuna karanga, akamwacha mumewe anakunywa chai. Saa moja na nusu muuza maziwa wao, mtu wa Mbeya aitwaye Ulimboka, aliyekuja miaka miwili nyuma kutafuta kazi ya kuchunga, aliingia na dumu lake kama kawaida. Alikuta mlango wazi na fundi yuko chini. Akamwinua, akamlaza kifuani pake, akaita watu. Watu walikuja. Wakamkuta mgeni ana damu kuanzia kidevuni mpaka magotini, na nyundo ya fundi, ile ya kunyooshea bati za rejeta, iko karibu na mguu wake. Hakuna aliyeuliza kitu. Walimburuta mpaka uani wakampiga kwa mawe, kwa fimbo, kwa mchi wa kinu. Koplo Denis alipofika na kufyatua risasi hewani, tairi lilikuwa limeshavikwa shingoni na petroli iko kwenye chupa ya maji ya kunywa, kifuniko kimefunguliwa.

Sasa Ulimboka alikuwa hospitali, taya limevunjika mahali pawili, fuvu lina ufa, na tangu jana hajafumbua macho. Na kwenye matanga ilisemwa waziwazi, bila hata kushusha sauti: maziko ni saa kumi, na wakishamaliza kufukia, vijana watakwenda kuchoma kibanda chake kule pembeni ya ranchi, kisha watapitia wodini wamalizie. Askari wa kulinda wodi alikuwa mmoja. Mke wa Ulimboka, Loisi, alilala kituoni kwenye benchi, na mfuko wenye shati safi la mumewe kaupakata. Alfajiri alimuuliza Hilda swali moja tu.

"Akizinduka, mtamwambia nipo hapa?"

Hilda alimjibu kwamba watamwambia. Basi alikuwa na muda mpaka saa kumi.

Gerson, mwenyekiti wa kitongoji, mzee mwenye kofia ya pama na fimbo ya mpingo, alikuwa amekaa kizingitini kama mwenye nyumba. Alimwambia inspekta asijichoshe, shauri limeshaisha, mtu kakutwa na damu mikononi. Hilda alimwamkia shikamoo, akampita.

Sebule ilikuwa na kochi moja la vitambaa vya kufuma, meza, na kabati la vioo lililochukua ukuta mzima. Vioo vilikuwa vimepasuliwa. Humo ndimo fundi alimoweka vigari vyake. Vilikuwa vigari vya chuma cha kumimina, vidogo, kila kimoja kinaenea kiganjani. Ukivipanga sitini na vinne, pua kwa mkia, ndipo unapata urefu wa gari lenyewe. Alivinunua kimoja kimoja kwenye mafungu ya vitu vya kuchezea yanayokuja na mitumba: soko la Sabasaba kule Dodoma, mnada wa Kibaigwa, mpaka Kondoa alikwenda akisikia kuna marobota mapya.

"Mzee mzima na vigari vya watoto," alisema Denis.

"Leta chaki," alisema Hilda.

Alipiga magoti. Walihesabu kwa saa nzima, kila kigari kikizungushiwa duara la chaki na kupigwa picha. Sakafuni, katikati ya vigae vya kioo na damu iliyokauka, kulikuwa na malori, mabasi, teksi, vigari vya Kijapani na vya Ulaya, na vingi vilikuwa vimesagwa kwa nyundo hata vikawa bapa kama visoda. Tipa moja ndogo ilikuwa imegongwa mpaka magurudumu yakatokea upande wa pili. Muuaji alikuwa amefanya kazi hiyo baada ya kuua, kwa sababu chini ya baadhi ya vile vilivyosagwa damu ilikuwa imekandamizwa ikiwa bado mbichi.

Lakini kwenye kochi, juu ya kitambaa cha kufuma, kulikuwa na vigari vingine thelathini. Hilda alijua vyote kwa kuwa majina yameandikwa matumboni mwao. Dodge Viper saba. Ford GT tano. Corvette kumi na moja. Vingine vya majina ambayo hakuwahi kuyasikia. Vyote vya Kimarekani, vile vya mbio kali, bapa kama chura aliyejibana. Na vyote thelathini vilikuwa vimesimama kwa matairi.

Hilda aliokota teksi moja isiyovunjika, akasimama kwenye kabati, akaiangusha kwenye kochi kutoka rafu ya juu. Ikalala kwa paa. Akaiangusha tena. Ubavu. Aliiangusha mara kumi bila haraka, Denis akiandika, na mara mbili tu ndipo iliposimama kwa matairi. Kisha alivuta kurunzi akaangalia Viper moja baada ya nyingine, kingo za milango, ncha za pua, mahali rangi inapobanduka kwanza kitu kikianguka. Hakukuwa na mkwaruzo hata mmoja.

"Hizi hazikurushwa," alisema. "Zilitolewa kabatini zikawekwa."

"Na Ulimboka?"

"Ulimboka angeziweka ili iwe nini?"

Sidonia alikuwa amekaa chumbani na wanawake wenzake, khanga imemfunika mpaka usoni. Wakamwamkia Hilda kwa Kigogo, mbukwenyi, naye akaitikia. Mjane hakuwa na mengi. Alisema mumewe hakuwa na adui, ila alikuwa na kikundi chake cha vigari, wanatumiana picha kwenye simu. Akaulizwa kuhusu muuza maziwa. Alisema miaka miwili alinunua maziwa kwa yule mtu, na siku hata moja hayakuwa na maji.

Kikundi kilikuwa na watu wanane. Wanne wako Dodoma mjini, na basi la kwanza halifiki Kongwa kabla ya saa mbili. Wanne ni wa Kongwa: marehemu, na Priska anayejaza mafuta pale sheli ya njia panda, na Nikolaus dereva wa lori la mahindi, na Cornel mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi.

Priska walimkuta amevaa sare, macho yamevimba kwa kulia. Jumanne alikuwa zamu ya usiku mpaka saa tatu asubuhi. Kamera ya sheli ilimwonyesha akijaza mafuta saa kumi na mbili, saa moja, saa mbili. Alieleza kwamba mjini wanawacheka, wanawaita wazee wa chekechea, hata yeye ambaye ni mwanamke wa miaka thelathini. Yeye hukusanya magari ya zimamoto. Nikolaus hataki kitu zaidi ya malori. Cornel ni Marekani tupu. Marehemu tu ndiye aliyekuwa na moyo mkubwa, anaokota kila kitu.

Alitoa ufunguo wake mfukoni. Ulikuwa na kigari cha zimamoto kinaning'inia. Akakishika kwa vidole viwili, kwa matairi, akamwonyesha Hilda.

"Hivi. Ukishika paa, vidole vinaacha mafuta, rangi inakufa. Si vya bei, afande, mnadani ni elfu tatu, elfu nne. Lakini vingine vimeacha kutengenezwa. Ukikikosa leo, umekikosa."

Hilda alimweleza jinsi vigari vilivyokutwa kwenye kochi. Priska alikaa juu ya ndoo ya mchanga wa kuzimia moto.

"Basi ni mtu wetu," alisema. "Mwizi angevibeba. Mwehu angevisaga vyote. Huyo alishika nyundo, mkono ukakataa."

Alifungua simu. Kila Jumapili jioni fundi Bartolomayo aliwatumia picha ya rafu moja. Ya Jumapili hii ilikuwa rafu ya Kimarekani, na mbele kabisa, juu ya kipande cha velveti, gari la njano lenye tumbo linalogusa chini. Saleen S7, alisema Priska, ameipata Sabasaba wiki iliyopita chini kabisa ya gunia la midoli. Chini ya picha fundi alikuwa ameandika kwamba kasoro yake ni moja tu, tairi la nyuma kushoto limeguguniwa na panya. Na chini ya hapo Cornel alikuwa ameandika: Sasa thelathini na moja. Hongera mzee.

Hilda alihesabu kwenye picha kwa ncha ya kalamu, akarudia. Thelathini na moja. Kwenye kochi zilikuwa thelathini, na ya njano haikuwamo. Aliuliza nani mwingine aliitaka ile Saleen. Priska alisema wote waliitamani, lakini Cornel ameitafuta miaka sita.

"Sitaki kumsemea mtu," aliongeza, akarudi kwenye pampu, lori lilikuwa linapiga honi.

Matangani turubai lilikuwa limejaa. Nikolaus alikuwa amekaa kwenye kreti ya soda, jitu la mtu, mikono yake yote miwili imefungwa vitambaa. Hilda alishaambiwa kwamba mwezi uliopita alikunjana mashati na marehemu kwenye mnada wa Kibaigwa wakigombea gunia. Alimwita pembeni, nyuma ya jiko la mawe walipokuwa wanapika ugali wa matanga, akamwambia afungue vitambaa.

Vifundo vya vidole vilikuwa vimechanika, viwili mpaka unaona weupe.

"Umeumia wapi?"

"Kwenye meno yake," alisema Nikolaus.

"Meno ya nani?"

"Ya yule muuaji. Wote tulipiga. Mimi nilitangulia. Unataka kuniuliza nini kingine?"

Hakusema kwa kuficha, alisema kama mtu anayetaja shamba alilolima. Hilda aliandika maneno hayo kama yalivyo, na saa, akamsomea, Nikolaus akakubali kwamba ndiyo aliyosema. Kuhusu ugomvi wa Kibaigwa alisema ulikwisha siku ileile, walinunua gunia kwa pamoja wakagawana: marehemu magari madogo, yeye malori. Hilda alitoa mfukoni bahasha, akammiminia kiganjani ile tipa iliyosagwa.

Nikolaus aliitazama muda mrefu. Akajaribu kunyoosha kijigurudumu kwa kucha ya kidole gumba. Hakikunyooka.

"Hii nilimpa mimi," alisema. "Siku mjukuu wake alipozaliwa." Kisha jitu lile likalia, kamasi na yote, wapishi wakageuka kutazama.

Hilda alimfuta kwenye orodha ya walioshukiwa kumuua Bartolomayo. Alimwacha kwenye orodha nyingine, ya waliompiga Ulimboka, ambayo hakuna aliyeiulizia.

Cornel alikuwa meza kuu, tai nyeusi, miwani, sauti ya chini. Ndiye aliyekuwa anashughulikia mambo yote ya msiba yanayohusu karatasi. Wasifu wa marehemu alikuwa ameuandika mwenyewe na kuuchapa dukani kwake, kurasa mbili, picha juu, nakala mia. Alimpa inspekta moja kwa mikono miwili. Aliulizwa alikuwa wapi Jumanne alfajiri. Nyumbani, anaishi peke yake, alifungua duka saa mbili. Akaulizwa kama alijua kilichotokea kwa vigari. Alisema amesikia kabati limevunjwa, na kwamba kikundi kiko tayari kuvichukua na kuvitunza, familia isije ikavigawa kwa watoto wa jirani.

"Malori yamesagwa yote," alisema Hilda.

"Malori ni malori," alisema Cornel, akavua miwani akaifuta kwa tai. "Poleni na kazi, afande."

Hilda alikwenda kusoma wasifu ndani ya gari, vioo vimefungwa, kwa sababu ya vumbi. Alisoma polepole, kidole kwenye mstari. Kuzaliwa Gulwe, karibu na reli. Shule ya msingi. Ufundi. Ndoa. Kwenye ukurasa wa pili kulikuwa na aya nzima ya vigari, imeandikwa kwa upendo na usahihi kuliko hata ile ya ndoa: alianza mwaka gani, cha kwanza alikipata wapi. Na sentensi ya mwisho ilisema marehemu ameacha magari thelathini ya mbio ya Kimarekani, mkusanyo usio na mfano katika mkoa mzima.

Thelathini. Jumapili, kwa mkono wake mwenyewe, aliandika thelathini na moja.

Mtu mwingine angesema karibu thelathini, ama mengi. Watu wa vigari hawasemi mengi. Cornel aliketi mbele ya mashine yake Jumanne jioni, damu bado iko kwenye silingi bodi ya rafiki yake, akaandika hesabu iliyo sahihi siku hiyo.

Saa nane na nusu Hilda alikuwa na hati ya upekuzi yenye muhuri. Sheria inataka shahidi kiongozi wa eneo, na duka la Cornel lilikuwa kwenye kitongoji cha Gerson. Mzee alifuata akinung'unika, fimbo mkononi, akisema serikali inapenda kuzunguka mbuyu mzima wakati mlango uko mbele yake. Kufuli lilivunjwa mbele yake. Ndani mlikuwa nadhifu sana, rimu za karatasi zimepangwa kwa ukubwa. Walipekua rafu. Walipekua chini ya kaunta. Denis alipiga magoti mbele ya mashine kubwa ya kopi, akafungua droo ya chini, mahali pa joto panapowekwa karatasi zisipate unyevu.

Kulikuwa na leso nyeupe. Juu ya leso, Saleen ya njano, inang'aa. Pembeni yake mswaki uliokuwa bado umelowa na kichupa cha sabuni ya maji.

Hilda alivaa glavu. Aliishika kwa matairi. Tairi la nyuma kushoto lilikuwa limeguguniwa na panya.

"Ameisafisha," alisema Denis. "Hatutapata kitu."

Hilda aligeuza kigari tumbo juu. Kati ya tumbo la chuma na mwili palikuwa na ribiti mbili, misumari inayoviunganisha, hazijatolewa. Ukizitoboa umekiharibu, hakitakuwa kizima tena, na mwenye kukipenda hawezi. Alichukua karatasi nyeupe kutoka kwenye rimu, akaitandika juu ya kaunta, akakigonga kigari kwa kidole mara tatu, taratibu.

Tone moja likatoka kwenye tundu la gurudumu. Likaanguka kwenye karatasi. Lilikuwa la rangi ya maji ya rosela. Akagonga tena, la pili likatoka jekundu zaidi, na ndani yake kulikuwa na unywele mmoja mfupi, mweupe.

Mzee Gerson aliutazama ule unywele. Aliweka fimbo yake juu ya kaunta, akavua kofia. Alipopewa kalamu atie saini kwenye karatasi ya upekuzi, alikosa mstari mara mbili.

Njiani kwenda makaburini walivuka korongo. Hapo Gerson akasema, kwa sauti ya mtu anayejiongelea, kwamba jana wao, naye akiwamo, walimpiga Ulimboka wakidhani ndiye. Hilda alimwambia anyamaze, na kwamba wakifika asishuke garini. Alitaka maziko yaishe kwanza, kisha amwite Cornel pembeni kama anayemwuliza habari ya wasifu.

Walifika jeneza limeshashushwa na udongo umefika nusu. Wanaume walikuwa wanapokezana makoleo, wengine majembe, jasho na vumbi; wanawake wamekaa upande wao, Sidonia katikati. Cornel alikuwa ameshika koleo, tai ameitupia begani isichafuke, anafukia kwa bidii.

Hilda alikuwa hajapiga hatua kumi aliposikia mlango wa gari nyuma yake. Gerson alikuwa ameshuka. Alimpita kwa mwendo wa haraka ambao hakuutegemea kwa mzee yule, akaenda moja kwa moja mpaka ukingoni mwa kaburi.

"Cornel," alisema. "Uliisugua kwa mswaki."

Makoleo yakasimama. Nikolaus, aliyekuwa upande wa pili wa kaburi, aliuliza kusugua nini. Gerson alisema yote, gari la njano, leso, damu, unywele wa fundi. Cornel hakukimbia. Aliangalia waliomzunguka mmoja mmoja, na alipomfikia Nikolaus ndipo alipojibu, kana kwamba yeye pekee angeelewa.

"Nilimpelekea Viper mbili tubadilishane. Alicheka. Akasema mjukuu wake atalichezea mchangani." Alivua miwani. "Mchangani, Nikolaus."

Koleo la kwanza lilimpata begani, likakata shati na nyama. La pili lilimpiga mgongoni, ubapa, akaangukia magoti kwenye lundo la udongo. Nikolaus aliruka kaburi zima, akamkamata kwa tai, akampiga ngumi ya uso, pua ikapasuka. Akampiga tena, vidonda vyake mwenyewe vikafumuka, haikujulikana damu ni ya nani. Mtu akapaza sauti liletwe jiwe. Mwingine alikuwa analo tayari. Hilda aliingia kwa kiwiko na goti, jembe likamkwaruza sikio, akafika, akamlalia Cornel kifudifudi, akahisi teke moja mbavuni na la pili. Denis alifyatua. Akafyatua tena.

Kukawa kimya, ila Cornel aliyekuwa anakoroma kwa damu iliyojaa puani. Na katika kimya hicho simu ya Hilda ikalia.

Aliipokea akiwa bado chini, udongo mdomoni. Alikuwa askari wa wodini. Hilda alisikiliza. Akauliza saa ngapi. Akakata, akainuka kwa mkono mmoja, mwingine umeshika mbavu. Watu walikuwa bado wameshika makoleo yao juu.

"Ulimboka amekufa," alisema. "Saa kumi kasoro dakika tano. Hakuua mtu. Alimkuta mzee wenu chini, akamwinua, akaita msaada. Mkaja ninyi."

Jiwe lilianguka mahali fulani nyuma.

"Nilikuwa na maiti mmoja na muuaji mmoja. Sasa nina maiti wawili."

Denis alimfunga Cornel pingu, akamburuta mpaka garini. Hilda alitoa pingu zake mwenyewe, akamwendea Gerson, na mzee akanyoosha mikono kabla hajaambiwa. Alipogeuka kumtafuta Nikolaus, alimwona mgongo tu, anashuka korongoni mbio na ukubwa wake wote, na nyuma yake mwingine, na mwingine. Wengine hawakukimbia. Waliweka makoleo chini polepole, kama watu waliokumbuka kazi nyumbani, wakaondoka wakiangalia chini, wawili wawili, kisha kwa makundi. Hilda aliwaacha. Majina alikuwa nayo, na mji si mkubwa. Katika muda ambao sufuria ya chai ingechemka, kando ya kaburi hakukuwa na mwanamume ila mchungaji na kitabu chake. Udongo ulikuwa umefika nusu.

Sidonia aliinuka kwenye mkeka. Alijifunga khanga kiunoni, akaokota koleo lililokuwa karibu, akaanza kufukia. Wanawake wengine walitazamana. Wakainuka nao, wenye makoleo wakashika makoleo, wasio nayo wakapiga magoti wakasukuma udongo kwa viganja. Mchungaji aliweka kitabu chini. Hilda akamkabidhi Denis bastola, akashika jembe, ingawa kila alipoinama mbavu zilimkata pumzi.

Walipomaliza kusawazisha, Sidonia alipangusa mikono kwenye khanga. Haikutakata.

"Na mke wa yule," alisema. "Nani atamwambia?"

"Mimi. Yuko kituoni."

"Twende."

Hilda alimtazama. Alimwambia kwamba garini kuna yule aliyemuua mumewe, hawezi kumpandisha humo. Sidonia alijibu kuwa kituo si mbali, yeye kila siku anatembea zaidi ya hapo kwenda kwenye karanga. Hilda akamwashiria Denis atangulie na gari. Wakashika njia ya miguu wao wawili, wanawake wengine wakifuata nyuma bila kuitwa, mpaka bendera ya kituo ilipoonekana.

Hapo Sidonia akasimama.

"Miaka miwili mumewe ananiletea maziwa," alisema. "Sijawahi kuuliza. Anaitwa nani?"

"Loisi."

Sidonia alilirudia jina lile mara mbili, kwa sauti ndogo, apate kulitamka vizuri, kisha wakaingia.